Suruali ya Kulalia Anayoivua Mwenyewe

Nyinyi mlionirithi pale Shella mliniomba niwaandikie jinsi kazi ilivyokuwa. Sijui kama mliomba kwa dhati au mlitaka tu kuninyamazisha, siku ile nilipokuwa nawaeleza habari za lastiki kwa mara nyingine tena. Lakini mliomba, nami nimestaafu, sina la kufanya asubuhi hapa Ganda ila kumwagilia mchicha na kutega sikio kwa cherehani ambayo haipo. Basi someni. Habari za vyeo hamtazikuta humu, kwa sababu katika chumba cha kushonea hakuna cheo. Kuna anayekaa karibu na dirisha na kuna anayekaa mbali nalo.

Nimeshona nguo za watoto maisha yangu yote ya kazi, na nyingi zilikuwa za kulalia. Watu hucheka nikisema hivyo. Nguo ya harusi huonwa na mji mzima, sare ya shule huonwa na mwalimu, lakini nguo ya kulalia haionwi na mtu. Ndiyo maana nilizipenda. Mnunuzi unaweza kumlaghai kwa maua na lesi, lakini mtoto akiwashwa atavua tu, na ukimkemea atavua huku analia.

Siku ya kwanza niliingia kwa Bi Shamsa nikiwa msichana kutoka Ganda hii hii, miguu imejaa vumbi, nikijua kushona kwa mkono jinsi mama alivyonifundisha. Nikamwamkia shikamoo. Akaitikia marahaba bila kuinua macho, kisha akanirushia suruali ndogo ya mtoto yenye kamba kiunoni, fundo limekazwa.

"Fungua hiyo," akasema.

Nikaifungua. Akaichukua, akalikaza fundo upya, akanirudishia.

"Sasa fungua kwa mkono mmoja, na huku umebanwa na mkojo."

Nikadhani nimeingia kwa mwendawazimu. Nikamwambia sijabanwa.

"Basi rukaruka kama aliyebanwa. Hujapata kuwa mtoto wewe?"

Nikarukaruka, wateja wawili wakinitazama, na fundo likanishinda. Bi Shamsa akainua macho kwa mara ya kwanza. "Haya, umeshajua kazi yetu. Kaa."

Hakukosea. Mafundi wengi wa mji wetu walianzia kwenye suruali za wanaume, na walipokuja kwa watoto walikuja na kamba zao. Kamba ina faida, mtoto hunenepa nayo na hurefuka nayo. Lakini mama akimvalisha mwanawe hukaza fundo mara mbili ili suruali isianguke, na yule mtoto aliyeacha nepi juzi tu, akibanwa, hubaki anapigana na fundo la mama yake mpaka yanamwagika. Halafu anayechapwa ni yeye. Bi Shamsa alikuwa akisema kwamba magodoro mengi yanayoanikwa uani Shella yamelowanishwa na fundi, si na mtoto.

Kwa hiyo kwake haikutoka nguo ya kulalia mpaka mwenyewe aje aijaribu. Hakupinda upindo wa mwisho kabla ya hapo. Mtoto alisimama katikati ya chumba, akafumba macho, akaambiwa avue hadi magotini kisha apandishe, bila kusaidiwa. Kufumba macho kulikuwa kwa sababu ya giza, maana mtoto huamka taa imezimwa, na stima ya huku kwetu nayo huzimika ipendapo. Ili ajue mbele na nyuma, Bi Shamsa alishona kifundo cha uzi ndani ya kiuno, upande wa kitovu, kidogo kama mbegu ya mchicha. Mtoto hukitafuta kwa kidole gumba. Akikipata, utamwona anatabasamu macho yakiwa yamefumbwa, na hilo tabasamu sijaliona kwa mtu mzima yeyote.

Baba mmoja alikuja siku moja kubishana. Alitaka kamba, akasema lastiki ni uvivu na kwamba yeye amekulia kwenye kamba na hakuna kilichompata. Bi Shamsa akamtupia ile suruali, ile ile niliyorushiwa mimi. Naye aliruka, mtu mzima na ndevu zake. Akaondoka na lastiki.

Kitambaa Bi Shamsa alikijaribu shingoni mwake. Alikisugua chini ya sikio, akakaa nacho hapo akinywa kahawa ya tangawizi na kugombana na redio. Kikimkera kabla kikombe hakijaisha, hakikushonwa. Sateni ilimkera kila mara. Inang'aa, mama anaipenda, lakini joto la kaskazi likishika inaganda mwilini na mtoto hawezi kuishusha kwa haraka. Alichokipenda kuliko vyote ni leso kuukuu, kanga iliyofuliwa na kuanikwa mpaka imelegea. Wake wa wavuvi wa Ngomeni walikuwa wakileta za kwao, nasi tulikata mwili wa nguo katikati ya leso na kuacha pindo, maana pindo ni gumu zaidi. Vipande vya pindo tulivifanya vitambaa vya kushikia sufuria, na hakuna aliyedai arudishiwe.

Mengine niliyapata kwa kesi ngumu. Gauni la kulalia liishie magotini. Likifika chini, mtoto akichutama chooni pindo linaingia mahali pasipotakiwa, naye hatakwambia, atarudi nalo kitandani. Lesi na vishikizo visiwepo mabegani, kwa ajili ya chandarua. Mama mmoja wa Mambrui alilazimisha lesi, na asubuhi akamkuta binti yake amenaswa wavuni, amelowa, na chandarua kimeng'oka na msumari wake. Alikuja kunilaumu mimi. Nikamtolea lesi zote kimyakimya, nikamrudishia ndani ya karatasi, labda alitaka kumbukumbu.

Bi Shamsa alifariki bila kuniambia hata siku moja kwamba nashona vizuri. Aliniachia mkasi wake, ule asioruhusu mtu akatie karatasi, nami nikalichukua hilo kuwa ndilo neno lake. Namkumbuka sana. Nilidhani huzuni ya kumkosa itapungua nikiwa na kazi nyingi, na kweli ilipungua, lakini sasa kazi haipo na yeye amerudi. Kila nikikunja nguo yangu hapa nasikia ananiuliza nani amenifundisha kukunja hivyo. Ningetoa mengi nimsikie akigombana na redio asubuhi moja tu.

Sasa niwaeleze habari ya Swabra, kwa sababu ndiyo mliyokuwa mnaisikia nusu nusu na kuulizana.

Zuhura, mama yake Swabra, alikuwa jirani yetu pale Shella. Aliondoka kwenda kufanya kazi za nyumbani Uarabuni mtoto akiwa ndiyo kwanza anatembea kwa kushika ukuta. Akamwacha kwa mama yake mzazi, Bi Fatma. Siku ya kuondoka alipita dukani kuniaga, Swabra yuko kiunoni mwake na nepi yake kubwa, na sote tulisema maneno yale yanayosemwa, kwamba siku hupita upesi.

Hazikupita upesi. Swabra alikuwa ametimiza miaka minne Bi Fatma alipoingia dukani asubuhi moja na mfuko, mtoto anamfuata nyuma.

"Hujambo, Fundi Kadzo?"

"Sijambo, Bi Fatma. Habari za nyumbani?"

"Habari ndiyo hii," akasema, akaitoa mfukoni.

Ilikuwa nguo ya kulalia ya kipande kimoja, rangi ya waridi, kitambaa kizito chenye manyoya ndani. Zipu ilianzia kooni ikateremka mpaka kwenye kifundo cha mguu. Nyayo zilikuwa zimeshonewa humo humo kama soksi, na nyuma ya shingo kuna kofia yenye masikio ya sungura. Katika mji ambao mtu hulala na leso moja na bado analalamikia joto! Ilikuwa nguo nzuri mno. Niligeuza mishono yake ndani nje na sikuona kasoro, na nilimwonea wivu aliyeishona.

"Zuhura ameleta," Bi Fatma akasema. "Alimpa mwenzake aliyekuwa anarudi. Na huyu tangu aipate hataki nyingine. Nikimvika gauni lake analia mpaka majirani wanabisha hodi. Alikuwa ameshaacha nepi, wallahi, poti anakimbilia mwenyewe. Sasa kila kukicha godoro liko juani. Mimi mgongo wangu hauwezi tena kubeba godoro. Leo namnunulia nepi, yaishe."

Swabra aliposikia nepi akaja akajificha nyuma ya mguu wangu. "Mimi si mtoto mchanga," akasema, si kwa bibi yake, kwa goti langu.

Nikamvika ile nguo, nikamwomba avue mwenyewe. Sikumwambia hata afumbe macho. Alishika zipu, ikashuka kidogo ikauma manyoya ya ndani, ikakwama. Akavuta. Akarukaruka. Halafu akaacha, mikono ikalegea, akanitazama tu. Hakulia. Nimeona watoto wengi wakishindwa na nguo katika chumba kile, wengi hukasirika, na hasira ni dalili njema. Huyu alikuwa ameshazoea kushindwa. Hapo nilijua kwamba akirudishwa kwenye nepi siku ile, haitakuwa nepi ya siku moja. Ataamini kwamba kweli ni mtoto mchanga, na sababu itakuwa zawadi ya mama yake.

Nikamweleza Bi Fatma ninachotaka kufanya. Nikate kiunoni, niifanye vipande viwili, nitie lastiki laini. Nitoe nyayo, maana zinateleza kwenye sakafu ya saruji, na nitoe kofia kabla haijanaswa chandaruani. Manyoya ya ndani niyapunguze.

Bi Fatma akaivuta nguo akaikumbatia. "Haikatwi."

"Bi Fatma..."

"Nguo ya aliye safarini haipigwi mkasi, Kadzo. Ukiikata unamkatia njia ya kurudi. Mimi mwanangu nimemwachia Mungu, lakini mkasi siuwachii."

Niwe mkweli, sina imani hiyo, na Bi Shamsa angemjibu neno la kumchoma. Mimi sikuweza. Mwanamke yule alikuwa hana kingine cha kumlindia binti yake ila kukataza mkasi. Nikamwambia, basi tumuulize mwenye nguo.

Tukampigia Zuhura. Tulimpata akipika, uso wake unatetemeka kwenye simu na mvuke nyuma yake. Nikamsalimia, nikamweleza mambo ya zipu. Hakuelewa.

"Si mnamfungulia tu mkimbadilisha nepi?"

"Zuhura, Swabra havai nepi siku hizi. Anajiendea mwenyewe."

Bi Fatma akasema kwa sauti ya chini kwamba alimwambia, alimwambia tangu kabla ya Ramadhani. Zuhura akasema ndiyo, aliambiwa, alisikia. Kisha akasema, "Lakini mimi nilinunua ya yule niliyemwacha."

Akaanza kueleza haraka haraka, kama anayejitetea. Nyumba anayofanya kazi ina baridi ya mashine usiku na mchana. Watoto wa hapo wote wanalala na nguo za namna hiyo, anawavika yeye, anawafunga zipu yeye. Siku moja amemfunga mdogo wao, akasema moyoni, na wangu alale hivi hivi. Hakufikiria joto. Hakufikiria miguu. Alipokuwa dukani kununua alipima kwa mikono yake, akaiweka nguo kifuani jinsi alivyokuwa akimbeba Swabra, akaona inatosha, akaongeza saizi kadhaa kwa sababu watoto hukua.

"Mama," akamwambia Bi Fatma, "wacha fundi akate."

"Na kurudi kwako?"

"Nitarudi, Mama. Mwanangu asilale na maji kwa sababu yangu. Wacha akate."

Nilikuwa nimeshashika chaki aliponiita tena. "Fundi, kabla hujakata, mpime. Unisomee."

Nikampima kiuno, nikampima mguu, nikamsomea. Akaniuliza kimo. Nikamwambia nguo ya kulalia haihitaji kimo, kiuno na mguu vinatosha.

"Nipe kimo, Fundi."

Nikamsimamisha Swabra mlangoni, wima, kisigino kwenye ubao, nikamsomea mama yake kimo. Zuhura alirudia namba ile polepole. Kisha akasema ngoja, akatoka kwenye simu, tukabaki tunatazama ukuta wa jiko la watu. Aliporudi alikuwa na utepe wa kufungia zawadi, ameukata urefu ule ule, ameunyanyua mbele yake mpaka tuone. Ncha moja iligusa sakafu, nyingine ilimfika juu ya kiuno. Akautazama utepe ule mpaka mtu akamwita kutoka ndani na simu ikakatika.

Nikakata. Bi Fatma aligeuka ukutani akasoma dua mkasi ulipokuwa unapita. Nilishona kama ambavyo sijawahi kushona kabla, na kifundo cha uzi nilikitia mahali pake. Swabra akafumba macho, akatafuta kwa kidole gumba, akakipata. Akashusha. Akapandisha. Akafumbua macho akatutazama mmoja mmoja, akasema, "Tena." Alishusha na kupandisha mpaka bibi yake akamwambia basi, kuna mteja nje, na haja ya kuona makalio yako hana. Nepi haikununuliwa, na nilipopita kwao siku zilizofuata, kamba ya uani ilikuwa na nguo tu.

Tangu hapo Zuhura alikuwa akinipigia kila alipotaka kununua nguo, nami nampima mtoto na kumsomea. Zilizokuja sasa zilikuwa sawa, pamba nyepesi, vipande viwili, lastiki. Nadhani alianza kubishana na wauza duka wa huko. Lakini nguo ilikuwa kisingizio, sote tulijua. Kiuno na mguu alivisikiliza kwa haraka, kimo ndicho alichokingoja. Utepe aliutupa akakata mwingine, na mwingine. Kila mkataba ulipokaribia kuisha alisema anarudi, kisha ukaongezwa. Mara ya kwanza Bi Fatma alipaka nyumba rangi. Mara ya pili hakupaka. Swabra alianza shule, akajua kusoma, akaacha kuniuliza kama namba aliyosomewa mama yake ni kubwa au ndogo.

Halafu magoti yangu yakagoma kukanyaga cherehani, nikawaachia nyinyi chumba, nikarudi Ganda. Nilichukua mkasi na tepu, basi. Siwezi kuwaambia jinsi ninavyokitamani chumba kile. Natamani hata ubishi wa mama wa Mambrui.

Wiki mbili zilizopita Bi Fatma alikuja kunitembelea hapa, na Swabra. Msichana ana miguu mirefu sasa, na meno ya mbele mapya makubwa kuliko uso wake. Akanipa shikamoo vizuri, akakaa. Tulikuwa tunakunywa chai Zuhura alipopiga, na bibi yake alipomwambia wako kwangu, akafurahi sana. Akasema anatafuta nguo ya kulalia ya Swabra, tena amepata duka zuri. "Fundi, tepu si unayo? Mpime."

Nikaleta tepu. Swabra akanyoosha mkono, akaniambia, "Nipe, nitajipima." Akasimama mlangoni, kisigino kwenye ubao, akaweka kiganja bapa juu ya kichwa, akachomoka chini ya kiganja na kukiacha pale pale kwenye ubao. Akaipandisha tepu kutoka chini. Akasoma moyoni, midomo ikicheza.

"Haya, ngapi?" Zuhura akauliza. Nilimwona kwenye simu, mkasi mkononi, na utepe mrefu.

"Nimeijua," Swabra akasema. "Lakini sikwambii."

"Swabra, nataka kununua nguo."

"Nguo ninazo. Njoo unipime mwenyewe."

Bi Fatma akaweka kikombe chini. Zuhura akacheka kidogo kama aliyefanyiwa utani, akangoja, akaona si utani. Akaniita mimi. "Fundi, basi nisomee wewe."

Namba nilikuwa naiona wazi, kidole cha Swabra kiko juu yake. Nikamwambia Zuhura, "Mwanangu, mwenye kimo ameshasema."